Diwani Aliyekataa Mboga

Kabla sijafika kwa Diwani nataka niseme kwanza habari ya bati, kwa sababu ndiyo inayonijia kila nikimkumbuka, ingawa wakati wa bati yeye alikuwa hata hajafika kwetu.

Zamani nyumba zote za upande wetu wa ziwa ziliezekwa kwa nyasi. Mtu wa kwanza kuleta bati alikuwa mzee mmoja aliyerudi kutoka kwenye migodi ya Afrika Kusini. Alishuka melini na bati zake zimefungwa kwa waya, amevaa koti zito la sufu ambalo hakulivua tena, hata mwezi wa joto kali, mpaka akafa nalo. Fundi wa bati hakukuwepo. Tukamsaidia sisi vijana wa siku hizo. Sasa bati lina migongo na lina mabonde, nasi tukaona akili ni kupigilia msumari kwenye bonde, pale linapolalia mti, maana mgongoni msumari unaonekana kama unaning'inia hewani. Mvua ya kwanza ilipokuja nyumba ikavuja kwa kila msumari. Mzee hakukasirika hata kidogo. Aliita majirani waje wasikilize mlio. Tukakaa mle ndani, huyu na sufuria kichwani, yule na beseni, maji yanadondoka, naye anatupigia kelele juu ya mvua, "Mnasikia?" Tukajibu tunasikia.

Mzee akafa, watoto wake wakahamia Songea, nyumba ikabaki. Miaka mingi baadaye kata ilipotafuta ofisi, ikapewa nyumba ile ile. Misumari hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo kila kiongozi aliyeingia, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta pa kuweka kiti pasipovuja. Alipoingia Diwani akaonyeshwa hapo mahali pakavu. Akapaangalia, akapeleka pale kiti cha mgeni, na cha kwake akakiweka kwenye matone. Masika yote alifanya kazi amevaa kofia ndani ya nyumba. Mtu ukienda na shida yako unakaa pakavu unamtazama mheshimiwa analowa, na shida yenyewe unaanza kuionea aibu.

Ndiyo nimefika kwake sasa.

Jina lake silitaji. Hata alipokuwa kwetu hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Diwani, padri alimwita Diwani, mkewe marehemu alimwita Diwani mpaka kwenye kilio cha mama yake mzazi. Aliposhindwa uchaguzi tukaendelea kumwita Diwani, na yule aliyemshinda tukamwita "diwani huyu". Bado yu hai. Kuna wanaosema wamemwona Ruanda, kile kijiji cha huko juu, anapakia mahindi, na mwingine ananiapia alimkuta Mbinga mjini, ananunua mbegu za maharage, akamwamkia, akaitikia vizuri tu, akauliza habari za kila mtu wa kwetu mmoja mmoja.

Yeye asili yake ni mlimani, huko juu ya Tingi. Alimwoa binti wa kwetu akashuka naye ziwani. Alikuwa mrefu, mabega yameinama mbele kidogo, na alikuwa na tabia ya kuomba radhi. Mvua isiponyesha anaomba radhi. Bei ya kahawa ikianguka huko inakopangwa, yeye anapanda kwa wakulima wa juu anawaambia samahani. Mara moja mbuzi wa bibi mmoja alitumbukia akafa kwenye shimo la mtaro wa barabara, mtaro ambao Diwani hakuuchimba wala hakuuamuru. Kesho yake Diwani akaonekana anavuta mbuzi wake mwenyewe, jike lenye mimba, anampelekea yule bibi. Bibi akamwambia, "Mwanangu, ukifanya hivi watu watawasukumia mbuzi wao shimoni." Na kweli, wiki ile tuliona mbuzi wazee wengi wakilishwa karibu na mtaro.

Lakini usimdhanie alikuwa mpole wa kila kitu. Kwenye habari ya usipa alikuwa mkali kama siafu. Usipa, kwa asiyeujua, ni dagaa wa ziwa letu, ndio unaotusomeshea watoto. Wengi wetu tulikuwa tunauanika mchangani. Diwani alikuwa anapita mwaloni, ufukoni zinapofikia boti, asubuhi, akikuta umeanikwa chini anaukusanya kwa mikono yake anaupandisha kwenye kichanja, huku anagomba. Alikuwa akisema, "Mpiga kura ni kama usipa. Ukimwanika mchangani, siku ya kumla atakujia na mchanga." Mimi kazi yangu ilikuwa kununua usipa kwa wavuvi na kuupandisha Mbinga kuuza, nikirudi na maharage na mahindi, kwa hiyo nilijua alikuwa na haki. Wanunuzi wa juu wanautia mdomoni kwanza. Jino likigonga mchanga, umerudi na magunia yako.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiislamu mwenye duka Mbinga, baba yake alitoka Kilwa, ndiye aliyekuwa ananinunulia mzigo mkubwa. Huyo alipenda siasa kuliko biashara. Aliniambia, "Nyinyi wa ziwani mnachagua kiongozi kama mnavyochagua samaki. Mnamfunua shavu kwanza. Likiwa jekundu mnachukua, hamuulizi alivuliwa wapi." Nilimpelekea Diwani maneno hayo akacheka mpaka akakaa chini.

Kusema kweli kata yetu imekaa vibaya kwa mtu anayeomba kura. Nusu iko mchangani, nusu iko mlimani. Wao wakishuka kwetu wanalalamika joto, sisi tukipanda kwao tunalalamika baridi, na wote tunadanganyana bei. Mkutano ukiitishwa, watu wa mlimani wanafika kabla ya mwenyekiti, wanakaa mpaka mwisho, halafu anasimama mmoja kwa niaba ya wote anauliza kuhusu daraja. Watu wa pwani tunafika mkutano uko katikati, suruali zimelowa, tunasema wote kwa pamoja, na tunaondoka kabla ya "mengineyo". Tena kuna habari ya mwezi. Usipa unavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wote wanalala nyumbani. Basi kura ikiangukia mbalamwezi, pwani nzima imejipanga kwenye mstari tangu alfajiri, imelala ikashiba usingizi. Ikiangukia giza, wanaume wanarudi asubuhi wamechoka, wanakula, wanajinyoosha kidogo, na kituo kinafungwa wakiwa wanakoroma. Diwani alikuwa akisema yeye mara ya kwanza alichaguliwa na giza. Wa mlimani walimpigia kura, sisi tulilala.

Mara ya pili hatukulala. Tulimpenda. Na sababu ya kumpenda nitaisema bila aibu: alikuwa anakula.

Sijapata kuona mtu mwembamba anayekula vile. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kusikiliza matatizo, na kila nyumba anakula. Ugali wa muhogo, ule mweusi unaovutika, ambao watu wa mlimani wanaukwepa, yeye aliumega kama mzaliwa. Mama Otilia, mjane mwenye boti kubwa kuliko zote pale mwaloni, alikuwa akimtania, "Diwani, hiyo sahani ina kitako chake, usikitafute." Naye anajibu huku anatafuna kwamba anakagua mradi. Kwetu mtu akila kwako mmemalizana. Hakuna tena cha kuulizana.

Kisha ikaja habari ya makokoro.

Kokoro ni wavu wa kukokota kutoka ufukoni, wenye macho madogo, unazoa kila kitu mpaka vifaranga vya samaki. Umekatazwa, na sote tulijua umekatazwa, na sote tulikuwa nao. Doria zikawa zinakuja, watu wanakamatwa, wengine wanakimbilia milimani wanalala kwenye mashamba ya watu. Diwani akahangaika huko na huko, akaleta wageni wenye magari wakazungumza nasi. Wakasema tukisalimisha makokoro wenyewe, hakuna atakayeshtakiwa, na tutaletewa nyavu halali na injini kwa vikundi. Watu wakanyamaza. Mgeni ukimwamini siku ya kwanza ni wewe mwenye makosa. Ndipo Diwani akasimama akasema maneno ambayo nadhani hakuyapanga. Alisema, "Zisipokuja, njooni mnidai mimi."

Basi tukayachoma. Tulichomea kwenye uwanja wa mpira wa shule. Nailoni haiungui kama kuni, inalia, inayeyuka, inadondosha machozi meusi. Moshi wake ulitukaa kooni kutwa. Mama Otilia alileta kokoro lake kwa toroli, akalitupa motoni, akageuza uso.

Nyavu hazikuja. Wale wageni walihamishwa, wakaja wengine, nao wakasema ahadi hiyo hawaijui. Diwani alikwenda mjini mara nyingi, akikaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu tangu asubuhi mpaka zinafungwa. Anarudi mikono mitupu. Nasi tukafanya tunavyofanya siku zote. Huyu akashona wavu wa kuazima, yule akaunga chandarua, mwingine akaingia kwenye boti ya mwenzake, watu wawili watatu wakaenda kutafuta vibarua kwenye makaa ya mawe. Maisha yakajikokota yakaendelea.

Na hakuna aliyekwenda kumdai. Sisi tuliona huo ni wema. Hata kwenye pombe watu wakilitaja, mtu anasema, aa, yule naye alidanganywa kama sisi, tumwache. Lakini nadhani hicho ndicho kilichomvunja. Mtu amekwambia njoo unidai, amekaa mlangoni anangoja, na wewe unapita unamsalimia.

Ndipo akaanza kuvuta boti.

Asubuhi boti zikirudi na usipa, zinavutwa juu ya mchanga. Ni kazi ya watu wengi. Anayepita akishika, ameshika, na mwenye boti anamchotea usipa wa mboga, gao moja la viganja, magao mawili, hata kama ni mgeni wa njiani. Diwani akawa anafika kabla ya wote. Anakunja suruali, anaingia majini mpaka mapajani, anatia bega. Boti ya huyu, boti ya yule, zote. Akimaliza anakung'uta mchanga miguuni anaondoka. Mboga hachukui. Ukimwita anapunga mkono anasema asanteni, nimeshiba. Na wakati huo huo akaacha kula majumbani mwetu. Anakaribishwa, anakaa, anasikiliza, chakula kikija anasimama. Akipanda mlimani anakula kama zamani, habari zilitufikia, mpaka watu wa pwani wakaona wivu.

Mimi sikumwelewa mpaka siku tuliyopanda Mbinga pamoja juu ya gari la mizigo, tumekaa kwenye magunia yangu ya usipa. Barabara ilikuwa imeshapata lami na gari lilikuwa linakwenda vizuri, mtu anaweza kuongea. Nikamtania kwamba sasa anavuta boti kama punda na hali majani. Hakucheka. Akaniambia kwao, kwa babu yake, ukimkosea mtu na huna cha kumlipa, unakwenda kumlimia. Unamchimbia ngoro zake, yale mashimo ya mlimani wanamolima mahindi, shimo kwa shimo, na kwake huli wala hunywi maji mpaka moyo wako ukwambie basi.

Nikamuuliza, "Na moyo umesemaje?"

Akatazama nyuma, kule ziwa lilikokuwa limeshajificha. "Haujasema neno, kaka mkubwa."

Nikahamisha mazungumzo kwenye bei ya maharage. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua, na nilidhani hakiwezi kuwa kikubwa. Nitakieleza hapa.

Kwetu mkono uliovuta boti lazima ushibe. Usiposhiba, haubanduki. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akivuta boti yako akaondoka bila mboga, mkono wake umebaki umeishika, na boti iliyoshikwa haiendi. Wala si lazima awe mbaya wala awe na dawa. Mkono wenyewe unafanya. Ndiyo maana mwenye boti, hata akiwa amepata usipa wa kujaza kikombe tu, atagawa wote na nyumbani kwake watakula mlenda. Diwani alikuwa amekaa kwetu miaka mingi, ila alikuwa mtu wa ofisi, boti hakuwahi kuzivuta kabla ya hapo, na jambo kama hilo hakuna anayelisema kwa mdomo. Nani anamweleza mtu kwamba mvua inatoka juu?

Kwa hiyo kila asubuhi yeye alikuwa anatulimia ngoro zake, nasi tunamwona anatushika boti.

Mwanzoni watu walinong'ona tu. Kisha wavu wa mmoja ukanasa kwenye mwamba ukachanika. Taa za mwingine zikazima katikati ya ziwa. Injini ya Mama Otilia ikakwama mara kwa mara, fundi anaitengeneza, inakwama tena. Mambo haya yalikuwepo tangu dunia kuumbwa, lakini sasa yalikuwa na mwenyewe. Mama Otilia akaona amtegue kwa upole. Akapeleka bakuli la usipa mlangoni kwa Diwani akiwa hayupo, akaliacha. Kesho yake bakuli likarudi limeoshwa, ndani limejaa mahindi meupe mazuri. Mama Otilia aliyatazama yale mahindi akasema, "Sasa ameninunua kabisa." Hata kuku wake hakuwapa mahindi yale.

Uchaguzi ukafika, na ukaangukia mbalamwezi.

Mpinzani alikuwa kijana wa vipuri vya pikipiki, mcheshi, daraja hakuwahi kulijenga wala barabara hakuwahi kuidai. Alikuja mwaloni asubuhi moja na viatu vyake vyeupe, akashika ukingo wa boti ya kwanza aliyoiona, akavuta hatua chache, akateleza akakaa majini. Watu wakacheka. Akasimama, akafungua viganja. Wakamjazia usipa, akachagua mmoja uliokuwa bado unachezacheza, akautia mdomoni mzima, akatafuna, akameza. Nilisikia mwaloni unaguna kwa raha kama mtu aliyekunwa mgongo. Diwani alikuwa boti ya tatu, maji yanamfika mapajani, bega liko kwenye mbao. Naye alicheka pamoja nasi. Nadhani alidhani tunacheka tu.

Siku ya kura tulisimama kwenye mstari tangu alfajiri, tumelala vizuri. Mimi nilimpigia yeye, kama hilo linasaidia kitu. Watu wa mlimani karibu wote walimpigia, kwa ajili ya daraja lao la miguu alilowapa. Akaangushwa na kituo cha pale mwaloni, pale pale alipokuwa analowa kila siku. Matokeo yaliposomwa alimpa mkono yule kijana, akatugeukia sisi akatuomba radhi.

Watu walidhani sasa yamekwisha. Walidhani alikuwa anavuta kura, na kura zimeshapigwa, atapumzika, mikono itabanduka yenyewe. Giza liliporudi, asubuhi ya kwanza boti zilipotokeza, akaonekana anashuka, suruali ameshaikunja. Hapo ndipo tulipoogopa kweli. Mtu asiyetafuta kitu kwako, na bado hakuachii. Wenye boti wakaanza kutia nanga mbali, wengine wakawa wanapakulia kijiji cha pili ili wasikutane naye. Alikuwa anasimama ufukoni peke yake na lile bega lake, anaziona boti zinapita, na mimi nilikuwa nafunga magunia yangu huku nikijifanya sioni.

Mama Otilia ndiye aliyenijia. Hakuwa na hasira. Alisema injini yake amechoka nayo, lakini zaidi amechoka kumkimbia mtu aliyekula kwake miaka yote. Akasema, "Wewe ni rafiki yake, mwambie. Mimi nitapika. Akila mbele yetu basi, yameisha, akae, azeeke hapa na sisi." Akatafuta mbasa, samaki mnene ambaye siku hizi humpati kila siku, akampika kwa nyanya, akasonga ugali wa muhogo, akatandika mkeka kando ya vichanja, peupe, ili wenye boti wengine wamwone akila.

Nilimleta mimi. Alidhani namwita kwa ajili ya usipa. Akaamkia, Mama Otilia akaitikia, Diwani akakaa kwenye kigoda, akaiona ile sahani. Alisimama kama kawaida yake. Nikamshika mkono nikamwambia kaa, Diwani, leo unanisikiliza mimi. Na nikamweleza. Nilimweleza yote, polepole, jinsi nilivyoyaeleza hapa, ya mkono unaovuta na mkono unaoshiba. Nilimwambia ya nyavu hakuna anayemlaumu, hata mmoja, watu wameshasamehe zamani. Wanacholia ni mboga tu. Nilikuwa nafurahi nikisema, Mungu anisamehe. Nilijiona nimebeba dawa.

Alisikiliza bila kunikatiza. Usipa ulikuwa unakauka kwenye vichanja, nzi wachache. Akamuuliza Mama Otilia, "Ile injini?"

"Mashine ni mashine, Diwani," Mama Otilia akasema. "Kula tu, baba."

"Na wavu wa yule aliyechanikiwa? Na taa?"

Mama Otilia akapunga nzi juu ya sahani. Diwani akatutazama, mimi na yeye, na uso wake nilikuwa sijauona vile hata siku ya matokeo. Nilikuwa nimetegemea uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi nimewakosea mara mbili," akasema. "Na mara ya pili nilikuwa nakuja mwenyewe kila asubuhi."

Mama Otilia akasema haraka, si hivyo, si hivyo, baba, ukila imekwisha. Akainua jagi la maji amnawishe. Diwani akaitazama sahani kwa muda, yule mbasa, ugali uliokuwa bado unatoa moshi. Nilimwona anameza mate. Alikuwa na njaa, mtu yule alikuwa na njaa ya miaka. Kisha akalirudisha jagi chini kwa adabu, akasema mikono yake ni michafu sana kwa maji ya jagi, atanawa ziwani.

Akashuka mpaka majini. Akachuchumaa, akanawa viganja, akanawa mpaka viwiko, akasugua kwa mchanga, akasuuza. Tulimwona vizuri, hakuna kilichotukinga. Mama Otilia akakisogeza kigoda ili jua lisimpige akirudi. Wenye boti waliokuwa karibu wakaacha walichokuwa wakifanya. Diwani akasimama, akakung'uta mikono, akageuka, lakini si upande wetu. Akapita nyuma ya vichanja, akakamata njia inayopanda barabarani, mikono ameiweka mbali na mwili kama mtu anayeingoja ikauke. Sikumwita. Nilidhani kuna kitu anakwenda kuchukua nyumbani.

Mama Otilia akaifunika sahani nzi wasiingie, tukakaa tukamngoja. Hakurudi siku ile, wala hajarudi mpaka leo.